Mpishi wa Mto Lusemba

—yote! Chupa nzima, jamani, mpaka tone la mwisho, halafu shangazi yangu akaigonga kitako kana kwamba kuna lingine limejificha ndani!

Wiki jana niliwaacha mlangoni mwa jiko, najua, na wengine mmenitukana. Haya, ingieni sasa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nimeganda pale pale na trei yangu, namtazama Shangazi Thérèse akikoroga kitu kizito nisichokitambua kwa mbali ndani ya sufuria ya samaki.

Siyo ile kubwa ya wageni. Ile ndogo, ya meza ya mbele, anakokaa Kamanda Anselme.

Bi Mwanabaraka, mwenye biashara ya upishi, alikuwa wa kwanza kupata sauti. Huyu ni Mmombasa hasa, na miaka yote aliyokaa Wembley haijamtoa Mombasa hata kidogo.

"Thereza, hiyo n'nini uliyotia?"

"Kitu cha kwetu."

"Kina jina hicho kitu cha kwenu?"

Shangazi akafunika sufuria. 

"Jiko hili lina jina langu, mwanangu," Bi Mwanabaraka akanigeukia mimi, utadhani ndimi niliyemwaga. "Mtu akianguka huko nje watanijia mie. Hawaendi Kongo."

Na mimi nasomea famasia, mwaka wa tatu. Sumu nazijua kwa majina yao ya ubatizo. Nikaanza kuzipitia kichwani, ipi haina harufu, ipi inavumilia moto, ipi inamwacha mtu amalize kula kwanza ndipo imkamate, na nikajikuta najuta kwa nini sikusomea uhasibu.

Kama leo ndiyo umefika mara ya kwanza, sikiliza haraka, chakula kinapoa.

Shangazi Thérèse ndiye aliyenilea. Kule Kongo, vita vilipopamba moto na mimi bado nabebwa mgongoni, yeye alikuwa mpishi wa kikosi cha vijana wa msituni, wale wanaonyunyiziwa dawa ya maji ili risasi zisiwaingie. Dawa ile ina miiko yake, na mmojawapo ni huu: usile kilichopikwa na mwanamke aliye kwenye siku zake. Kamanda wao alikuwa Anselme. Alfajiri moja wakajaribu kuvuka Mto Lusemba kwenda kuvamia kambi ya adui, wakamalizwa wakiwa majini. Kamanda akatafuta wa kulaumiwa, akampata jikoni. Akasema Thérèse amepika akiwa kwenye siku zake, ameichafua dawa, amewaua vijana, na aliyenusurika asile tena cha mkono wake mpaka kufa.

Wakamnyoa kichwa. Wakamchapa mbele ya kijiji. Wakamfukuza na mimi mgongoni, tukavuka ziwa, tukaishia kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki ninachowasumbua nacho.

Mume wake alikuwa kwenye mtumbwi wa kwanza. Hata maiti yake haikuonekana.

Leo Anselme yuko London. Ana suti, ana chama, na yeye ndiye mwenyekiti. Kila mwaka anakodi ukumbi huu ulio karibu na uwanja wa Wembley kuwakumbuka vijana wa mto, na kila mwaka anasimulia habari za yule mwanamke aliyewaua kwa mwiko. Hakujua kwamba mwanamke huyo yuko Stanmore, vituo vichache tu kwa treni, akimtunza bibi mmoja wa Kihindi, na kwamba wikiendi anampikia Bi Mwanabaraka. Oda ya chama ilipoingia, Bi Mwanabaraka naye hakujua anampeleka nani kwa nani.

Shangazi alijua. Akanoa kisu.

Sasa tuendelee.

Shangazi akapakua sahani moja. Akachagua samaki mkubwa, akamlaza vizuri, akamwagia mchuzi, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa kama wafanyavyo hotelini. Akanikabidhi.

"Mpelekee Kamanda. Kabla hajagusa, mwambie sikioni kwamba aliyepika ni Thérèse wa Lusemba. Sikioni tu, asisikie mwingine."

"Shangazi, umetia nini?"

"Halafu usiondoke. Simama umwangalie mdomo."

"Shangazi."

"Raïssa, nimewahi kukuomba kitu?"

Hajawahi. Sijui nyinyi, lakini mimi kwa swali hilo huwa nimekwisha. Nikaenda.

Ukumbini Kamanda alikuwa kwenye maikrofoni, na alikuwa amefika pale pale anapofika kila mwaka. Sauti anayo, tumpe haki yake. Alikuwa anaeleza jinsi vijana walivyoshuka mtoni bila neno, majani kichwani, miili bado mibichi kwa dawa. Jinsi mitumbwi ilivyoazimwa kwa wavuvi, na kamba ndefu ikavutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili mkondo usiwachukue. Jinsi walivyokatazwa kugeuka nyuma. Na jinsi mtumbwi wa kwanza ulivyofika katikati, ng'ambo ikawaka moto, bunduki zote kwa pamoja, na wale wasiojua kuogelea wakang'ang'ania kamba mpaka kamba yenyewe ikakatika.

Watu walikuwa wanalia. Na mimi nililia, nisiwadanganye, huku nimeshika sahani.

"Dawa haikushindwa," akamalizia. "Dawa ilichafuliwa. Na mkono ulioichafua sitautaja hapa, maana kuna watoto."

Ukumbi mzima ukaguna. Akakaa, akajifuta jasho, akavuta kiti karibu na meza. Mezani alikuwa na wazee watatu walionusurika ule mto. Mmoja wao ni Papa Fortunat, ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki Lusemba. Papa Fortunat anafanya usafi kule Stratford, na tangu ile alfajiri hajala chakula cha mtu asiyemjua. Huja na chakula chake kwenye foili kila mahali, na wenzake kazini wanadhani anapunguza unene. Siku hiyo alikubali kula kwa sababu alipoingia alimuuliza Bi Mwanabaraka nani anapika, na Bi Mwanabaraka, bila kujua anaulizwa nini hasa, akamwambia awe na amani, yeye ndiye mwenye jiko na ujana ulishampita zamani.

Nikaweka sahani mbele ya Kamanda. Nikainama.

"Papa, aliyepika ni Thérèse wa Lusemba."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha. Alitazama mlango wa jiko, akatazama sahani, akatazama watu wake. Nikaona anapiga hesabu. Akiikataa sahani, meza nzima itauliza kwa nini. Akatabasamu, akanisogezea kijiko.

"Onja wewe kwanza, binti. Unajua desturi."

Naijua. Kwetu anayemletea mtu mzito chakula huonja kwanza, ili kama kuna ubaya umwanzie yeye.

Jamani, nilikiona kile kijiko kikubwa kama sepetu. Nikamkumbuka shangazi akinibeba, akinisuka, akiuza kanga zake nipate viatu vya shule. Nikaikumbuka na ile chupa. Nikajiuliza kama chuki inaweza kukaa ndani ya mtu miaka yote hiyo mpaka ikamsahaulisha nani atashika kijiko.

Nikala.

Mawese. Yalikuwa mawese, mafuta ya mchikichi ya nyumbani kabisa, mazito, yale ambayo shangazi aliletewa na mtu kutoka Baraka, mji wa kwetu kando ya ziwa, akayaficha chini ya kitanda. Machozi yalinitoka kwa utamu na kwa aibu ya niliyokuwa nawaza.

Kamanda akanichunguza kidogo. Nilikuwa bado nimesimama. Akacheka kwa pua, akavuta sahani, akaanza kula. Alikula vizuri. Alimfuata samaki mpaka kwenye mapezi, akanyonya mifupa, halafu, wazee wenzake nao wakiwa wameshaletewa sahani zao, akaniambia nimletee pilipili, nikaileta.

Na hapo ndipo alipojimaliza, ingawa mimi nilikuwa bado sijaelewa.

Shangazi akatoka jikoni. Hakupiga kelele, hakukimbia. Aproni kiunoni, kilemba kichwani, akampita Kamanda kama anavyopita kiti, akaenda moja kwa moja kwa Papa Fortunat, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anainua tonge. Akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Fortunat, usile. Mimi ni Thérèse."

Yule mzee akamtazama. Tonge likamdondoka. Akajifuta mdomo kwa nguvu, mara mbili, tatu, mdomo ambao haukuwa umeingia kitu. Wale wazee wengine wawili wakasukuma sahani zao, na mmoja, aliyekwisha kula nusu, akatoka mbio mpaka kwenye chungu cha maua pale mlangoni, na yaliyompata kule siyaandiki.

Kumbuka huyu Fortunat ni nani. Siku wanamnyoa shangazi, yeye ndiye aliyeshika wembe, kwa ule mkono mmoja uliobaki.

Maikrofoni aliyoilaza Kamanda mezani ilikuwa bado imewashwa, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia kila kitu. Wenye watoto waliwanyamazisha. Mezani sasa kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye kijiko mkononi.

"Raïssa," shangazi akasema, "nilikutuma umwambie nini Kamanda?"

"Kwamba aliyepika ni wewe."

"Lini?"

"Kabla hajala."

"Akasema nini?"

"Nionje kwanza. Nikaonja. Halafu akala, na akaomba pilipili."

Papa Fortunat akageuka taratibu, mwili mzima, kama mlango mzito.

"Kamanda. Ulijua ni yeye, na ukakula?"

Sasa mnaona? Mtu yule aliogopa sumu. Akaikwepa sumu kwa akili sana, na mwiko ukamponyoka kabisa kichwani, kwa sababu haukuwahi kuwamo.

Anselme akaweka kijiko. Akaanza kueleza kwamba tuko London, kwamba mambo ya msituni yana mahali pake, kwamba mtu mzima lazima abadilike. Fortunat akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akajibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Harusi ya mtoto wangu nilikula mkate wa dukani, Kamanda. Bibi yangu alipika siku mbili, alikuwa kwenye siku zake, miye nikakula mkate, juu ulisema ile dawa iko ndani yetu mpaka kufa, na mkono wa huyu mama ndio uliua batu bote. Sasa hivi umesema tena kwa maikrofoni. Na umekula."

"Fortunat, ndugu yangu—"

"Usiniite ndugu."

Kamanda akataka kuinuka. Shangazi akamwekea mkono begani, mkono wa mpishi, mzito, akamkalisha.

"Kichwa cha samaki kimebaki," akamwambia. "Maliza. Hatutupi chakula."

Na akamsimamia. Watu zaidi ya mia wakimtazama, yule baba akashika kichwa cha samaki akaanza kukila, na hakuna mtu aliyecheka. Nimeona watu wakiadhibiwa, lakini sijawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa chakula kitamu.

Alipomaliza, shangazi akamgeukia aliyemnyoa. Alizungumza polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asije akavunja kilichomo.

"Fortunat, siku ile nilikuwa na mimba. Sikuwa nimemwambia mtu ila mume wangu. Mwanamke mwenye mimba anazipata wapi siku zake? Mlinichapa, ikatoka njiani, nikaizika peke yangu na huyu mtoto akinililia mgongoni. Sasa niambie. Kama siyo mimi, ni nani?"

Papa Fortunat akajishika kisiki cha mkono.  Akaanza kuhesabu mambo kwa sauti, siyo kwetu, kwake mwenyewe. Kwamba kivuko kilibadilishwa jioni ile ile, kutoka kwenye mawe hadi kwenye matete. Kwamba aliyekibadilisha ni Kamanda. Kwamba bunduki za ng'ambo hazikuhangaika kuwatafuta. Zilikuwa zimeshaelekezwa kwenye matete, zinangoja. Kwa hiyo neno lilivuka mto kabla yao. Mtu alilibeba.

"Wa ng'ambo walinipa njia ya kutoka," Anselme akasema ghafla. Nadhani alichoka kuwa peke yake. "Walikuwa watuue wote mwezi ule, leo au kesho. Mimi nilitaka kuishi. Lakini sikuvuka mimi. Mimi sijui kuogelea."

Ukumbi ukapasuka. Viti vikaanguka, mama mmoja akavua kiatu, vijana wakajipanga mlangoni, na Bi Mwanabaraka akatoka jikoni na mwiko wake wa pilau akiuliza ni nani anataka kufa kwenye oda yake. Shangazi akainua mkono mmoja tu. Wakatulia.

"Mwacheni. Huyu nimemaliza naye, kuanzia leo hana pa kukaa kati yenu." Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Anselme. "Nataka aliyelibeba neno. Nitamnyoa kwa mkono wangu mbele ya watu, kama mlivyoninyoa. Nitajie jina lake."

Anselme akatazama kilemba cha shangazi. Nikaona kitu kinamrudia usoni, kama rangi.

"Utamnyoa?"

"Nimesema."

"Awe nani?"

"Awe yeyote."

Anselme akamgeukia Fortunat. "Mwambie wewe. Kamba. Ng'ambo ilifungwa na nani?"

Papa Fortunat akanitazama mimi. Mimi! Nimesimama na chupa yangu ya pilipili kama mjinga.

"Kamba haiwezi kufungwa ng'ambo kama hakuna mtu ng'ambo," akasema polepole. "Mmoja aliogelea usiku nayo kiunoni. Akaifunga, akaitingisha, alama ya usalama. Tukaingia. Na bunduki zilikuwa pale pale alipofunga." Akamgeukia shangazi. "Mama Thérèse, nisamehe. Ilikuwa Cosmas."

Cosmas ni kaka yake shangazi.

Cosmas ni baba yangu.

Mama alinifia nikiwa mchanga, na baba, nimeambiwa maisha yangu yote, alikufa Lusemba akifunga kamba ili wenzake wavuke. Shujaa. Kambini Kigoma nilikuwa napigana na watoto wanaojisifia baba zao walio hai, nikiwaambia wangu ni mkubwa zaidi, amekufa vizuri.

"Usimguse marehemu wangu," shangazi akasema. Ile sauti ilikuwa ndogo sana.

Anselme akatoa simu mfukoni. Akaiweka mezani katikati ya mifupa ya samaki, akabonyeza, akawasha spika.

Ikaita. Na kila anayepigia watu wa mbali anajua, simu ya kule nyumbani ina mlio wake. Huu haukuwa huo. Huu ulikuwa mlio wa hapa hapa, ule wa mara mbili mbili.

Ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kelele za watu wengi na tangazo la treni, yule mama wa kwenye spika akisema Stratford.

"Ndiyo, Kamanda," sauti ya mwanaume ikasema. Sauti nzuri, ya upole. "Mmemaliza kumbukumbu? Na Raïssa wangu, bado hujasikia alipo?"

Pilipili ikaniponyoka mkononi, chupa ikavunjika, na harufu ikatukamata kooni sote. Hakuna aliyekohoa.

Shangazi akaichukua ile simu. Akazima spika. Akaiweka sikioni akasikiliza, kisha akasema maneno machache kwa Kibembe, lugha ambayo huniimbia tu nikiumwa, kwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alikuwa anamwambia kaka yake asiondoke hapo alipo. Kwamba anakuja, na anamletea mtoto.

Akamrudishia Anselme simu. Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa amevaa koti, na ndani ya mkoba wake wazi niliuona mkasi mkubwa wa Bi Mwanabaraka, ule wa kukatia mapezi ya samaki.

"Raïssa, vaa koti lako."

Kutoka Wembley Park hadi Stratford ni treni moja tu, hubadilishi. Tulikaa tukitazamana, mimi na yeye, mkoba magotini kwake. Kila kituo nilitaka kumwambia tushuke. Kila kituo nilitaka treni iende kasi zaidi, maana mwisho wa reli kulikuwa na mtu mwenye uso wangu ambaye sijawahi kumwona, na sikujua kama nampelekea binti au namsindikizia kinyozi.

Milango ikafunguka. Shangazi akanishika mkono kama ninavyoshikwa tangu Kigoma, na mbele yetu, chini ya saa ya kituo, mtu mmoja akavua kofia.

Basi, niacheni nipumue. Kilichokuwa chini ya ile kofia, na kwa nini mkasi ulianza kukata kabla shangazi hajasema neno, nitawaambia kesho, nimeshamsihi mhariri, kesho asubuhi kabla ya chai, kwa sababu nikikaa nalo wiki nzima nitapasuka mimi.